Sura ya Sita: Jina la Mtunzi Halidondoki Njiani

Kabla mghani wa Kisomali hajaanza shairi la mtu mwingine, humtaja mwenyewe kwanza. Husema hili ni la fulani bin fulani, alilitunga mahali fulani, ugomvi wenyewe ulikuwa hivi, na aliyekuwa akijibiwa ni fulani. Ndipo anapoanza. Akiruka utangulizi huo, wazee waliokaa mkekani watamkatiza: la nani hilo? Na akiteleza neno moja katikati, yuko atakayemsahihisha, maana wapo wanaolijua shairi lile kwa moyo, hata kama mtunzi wake alizikwa miaka themanini iliyopita na maisha yake yote hakuwahi kushika kalamu.

Desturi hii imeenea kote wanakoishi Wasomali, na Garissa, Wajir na Mandera zimo ndani yake. Ukizungumzia sanaa nchini Kenya, wengi watakutajia milango ya Lamu, vinyago vya Wakamba, taarabu ya Mombasa, kumbi za maonyesho za Nairobi. Ukitaja Kaskazini Mashariki, watakujibu kwa habari za ukame na vizuizi vya polisi barabarani. Msafiri anayetoka Nairobi kwa basi hufika Garissa baada ya kilomita zipatazo 370, huvuka daraja la Mto Tana, na asipoona mchongo mlangoni wala sanamu njia panda, huhitimisha kwamba sanaa hakuna. Anatafuta sanaa ya watu waliokaa mahali pamoja. Mfugaji anayehama na ngamia hachongi mlango, kwa kuwa hana ukuta wa kuutia. Sanaa yake ameiweka katika vitu anavyoweza kuondoka navyo alfajiri: maneno, na vyombo vinavyofungwa juu ya ngamia.

Kitu cha kubebwa kinahitaji mbebaji. Ninachotaka kukionyesha katika sura hii ni kwamba mbebaji huyo ni sehemu ya kazi ya sanaa yenyewe, na kwamba heshima ya kutajwa jina, ambayo washairi wanaume wa nchi hii wameilinda kwa wivu, wanawake wa nchi hiihii wameikosa mara tu kazi zao zilipotoka nyumbani.

Tuanze na ufundi wa maneno. Msomaji aliyelelewa na mashairi ya Kiswahili anajua vina na mizani: mshororo wa mizani kumi na sita, kina cha kati, kina cha mwisho. Gabay, utungo unaoheshimiwa kuliko zote za Kisomali, nao una vipande viwili katika kila mshororo, lakini cha kwanza ni kirefu kuliko cha pili, na kinachohesabiwa ni urefu wa vokali: fupi ni moja, ndefu ni mbili. Kina chake kiko mwanzoni mwa neno. Katika kila kipande lazima liwemo neno zito linaloanza na sauti iliyochaguliwa, na sauti hiyo haibadiliki mpaka shairi liishe, liwe la mishororo ishirini au mia mbili. Mtunzi akianza na b, amejifunga na b.

Jaribu kwa Kiswahili uone uzito wake. *Bonde la Tana bado bichi, bara zima limebabuka.* Huo ni mshororo mmoja niliouunda kwa ajili ya zoezi hili. Sasa ongeza mingine tisini na tisa kwa b ileile, kila mmoja ukisema jambo la maana kuhusu kisima kilichonyang'anywa au dia isiyolipwa. Na ngeli zetu zisikudanganye. Kiswahili hutupa mfuatano wa sauti bila kuutafuta. Mtu akilalamika kwamba kikombe chake kidogo kimevunjika kichanjani amekwisha kurudia sauti moja mara kadhaa, na hajatunga chochote. Sauti ile imeletwa na viambishi. Mshairi wa Kisomali hana msaada huo. Kila sauti yake imo katika neno aliloliendea mwenyewe, na ndiyo sababu watunzi wakubwa walisifiwa pia kwa wingi wa msamiati: majina ya ngamia kwa umri na hali, ya mvua kwa majira, ya malisho kwa aina.

Watunzi walizifuata kanuni hizi kwa sikio, kizazi baada ya kizazi, bila mtu kuziandika. Kisomali kilipata hati rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972, na mwaka 1976 ndipo mshairi Maxamed Xaashi Dhamac, maarufu kwa jina la Gaariye, alipoeleza katika gazeti la *Xiddigta Oktoobar* la Mogadishu jinsi vokali zinavyohesabiwa. Alikuwa akieleza kwa maandishi kitu ambacho mchungaji asiyejua kusoma alikuwa akikisikia vizuri kabisa, kwa sababu mshororo wenye upungufu wa vokali moja ulimkwaza sikio palepale.

Kwa kazi ngumu hivi, mtunzi wa gabay hatungi papo kwa papo. Hujitenga, huchunga huku akisuka maneno, hulala nayo, hubadilisha, na shairi likikamilika hulikabidhi kwa mtu mwenye kumbukumbu. Hapa gabay inatofautiana na jambo ambalo wasomi wengi wa karne iliyopita walilichukulia kuwa kanuni ya dunia nzima. Miaka ya 1930 Mmarekani Milman Parry alikwenda Yugoslavia kurekodi waimbaji wa tendi, na mwanafunzi wake Albert Lord akaandika *The Singer of Tales* mwaka 1960. Walionyesha kwamba mwimbaji wa kule huitunga hadithi upya kila anapoiimba, kwa misemo iliyo tayari mdomoni. Wengi wakadhani fasihi simulizi yote iko hivyo, kwamba ni mali ya jamii isiyo na mtunzi wala maneno yaliyotulia. Miaka minne baadaye B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis walichapisha kitabu chao kuhusu ushairi wa Kisomali, na mambo yalikuwa kinyume: mtunzi mmoja anayejulikana, maneno yasiyoruhusiwa kubadilishwa, na mghani mwenye wajibu wa kutaja jina. Haki ya mtunzi ilikuwa imelindwa bila mahakama na bila karatasi.

Sayyid Maxamed Cabdulle Xasan, aliyepigana na Waingereza, Waitalia na Wahabeshi kwa miaka kama ishirini hadi alipofariki mwaka 1920, alikuwa na mhifadhi wake, Xuseen Dhiqle. Shairi lilitoka kwa Sayyid likaingia kwa Dhiqle, na kutoka kwa Dhiqle likatawanyika. Zaidi ya nusu karne baadaye Sheekh Jaamac Cumar Ciise alipozikusanya tungo za Sayyid na kuzichapisha kitabu mwaka 1974, alizipata vifuani mwa watu.

Vitabu vyetu vya fasihi havimpi mhifadhi nafasi yoyote. Humchukulia kuwa chombo tu. Mimi naona ni msanii kamili. Hachagui maneno, ni kweli, lakini huchagua saa, baraza na utangulizi, na katika ushairi wa namna hii utangulizi ndio ufunguo. Gabay karibu daima hujibu jambo: tusi, wizi wa mifugo, posa iliyokataliwa, sheria ya serikali. Anayelisikia bila kuambiwa jambo lenyewe husikia sauti nzuri akaondoka mtupu. Mhifadhi akieleza nani alimkosea nani, ndipo ngamia anayesifiwa katika mshororo wa tatu anapogeuka kuwa nchi, na mwanamke anayelaumiwa anapogeuka kuwa chama cha siasa. Kulielewa shairi, hapa, ni kulipokea pamoja na kesi yake.

Na kesi haimaliziki kwa shairi moja. Anayeshambuliwa hujibu kwa sauti ileile ya kina, wa tatu huingia, wa nne. Mswahili hatashangaa, Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana hivyo na watunzi wa Lamu. Wasomali huyaita majibizano hayo mnyororo. Mnyororo wa Guba uliwakutanisha Cali Dhuux, Qamaan Bulxan na Salaan Carrabey katika mabishano ya koo juu ya malisho na mifugo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukaja Siinley, wa sauti ya s. Mwaka 1979 hadi 1980 Gaariye alianzisha Deelley, wa sauti ya d, akiukemea ukabila. Maxamed Ibraahim Warsame, yaani Hadraawi, ambaye alikuwa ametoka kifungoni mwaka mmoja tu uliotangulia, alijibu, na washairi zaidi ya hamsini wakaingia. Zilikuwa zama za Siad Barre, mtawala wa kijeshi wa Somalia. Serikali ilikuwa na redio, gazeti na majumba ya maonyesho, lakini mnyororo ulipita kwenye kaseti. Kaseti ilinakiliwa dukani, ikatiwa mfukoni, ikapanda lori. Aliyetaka kuchangia alilazimika kutumia d, na kwa sharti hilo dogo umati wa watu waliotawanyika ulikuwa ukisikilizana katika shairi moja refu.

Upande wa Kenya, maneno haya yalipita juu ya mpaka ambao wengi wa hapa hawakuutaka. Oktoba 1962 tume iliyotumwa na Waingereza katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilikuta walio wengi wanataka kujiunga na Somalia. Nyota ya bendera ya Somalia, tangu ilipobuniwa mwaka 1954, ina ncha tano, na moja ni ya eneo hili. Kenya ikapata uhuru, eneo likabaki Kenya, na vita vya shifta, baina ya serikali na waliotaka kujitenga, vikadumu hadi 1967. Redio Mogadishu ilirusha mashairi na nyimbo kwa watu wa huku; Nairobi iliona uchochezi. Zote mbili zilijua wimbo una nguvu gani kwa watu waliozoea kuushika kwa kusikia mara chache tu. Hali ya hatari iliyowekwa katika eneo hili iliondolewa rasmi mwaka 1991. Kwa karibu miaka thelathini, kusema wazi mambo fulani Garissa au Wajir kulikuwa hatari, na katika mazingira kama hayo sanaa ya kuficha ngamia ndani ya nchi na nchi ndani ya ngamia haikuwa pambo.

Februari 1984, kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir, wanaume wa ukoo wa Degodia walizuiliwa na wanajeshi juani kwa siku kadhaa na wengi wakauawa. Serikali ilitaja watu 57. Walionusurika walizungumzia mamia, wengine maelfu. Kitabu cha S. Abdi Sheikh, *Blood on the Runway*, kilitoka mwaka 2007. Tume ya ukweli ilisikiliza mashahidi wa Kaskazini Mashariki mwaka 2011. Filamu ya Judy Kibinge, *Scarred*, ilitoka mwaka 2015 ikiwaachia walionusurika wajieleze wenyewe. Kwa miaka mingi kabla ya hapo habari ile iliishi midomoni. Nikiitazama filamu hiyo naiona desturi ya mghani: huyu ni fulani, alikuwa mahali fulani, jambo lilikuwa hivi. Ushahidi na ushairi, hapa, vimejifunza adabu moja.

Hadi hapa, katika ushairi, nimewataja wanaume watupu. Msomaji akikumbuka jina moja tu kutoka sura hii, ningependa lisiwe la mwanamume, lakini ushairi wa wanawake ndio mgumu zaidi kupata majina, na sababu yake inastahili kuangaliwa vizuri.

Wanawake wana utungo wao, buraanbur. Nao una kina cha mwanzo wa neno na hesabu ya vokali. Katika harusi ya Garissa utausikia kabla hujaona chochote: ngoma inapigwa kwa kiganja, makofi yanaingia, kisha sauti moja inapanda juu ya zote. Wanawake wamevaa dera zinazometameta, wamezunguka duara. Mtunzi anasifu nyumba ya bibi harusi, anapanda juu kwa baba na babu, anamkumbuka nyanya aliyelea, na kila anapogusa jina la ukoo wanawake wa ukoo huo huingia katikati wawili wawili, wakicheza kwa mabega na miguu, wakirudi pembeni jina likibadilika. Yeye anaendelea. Hakosi kina, ingawa ngoma inamsukuma na watoto wanampita miguuni. Kazi hii huandaliwa: mtunzi lazima aambiwe mapema nasaba za pande mbili, kwa sababu kumsahau mzee mmoja katika sifa ni kukosa adabu kwa familia nzima.

Simu zote zimeinuliwa. Usiku huohuo video iko Eastleigh, Nairobi, kesho iko Minneapolis na Dubai. Mara nyingi kilichoandikwa chini yake ni jina la bibi harusi na la ukumbi. Mwanamke aliyefuma mishororo ile hayumo. Mghani wa gabay angekatizwa na wazee. Video haina wa kuikatiza.

Wakusanyaji wa zamani waliandika gabay kwa sababu ndiyo iliyosomwa katika baraza la wanaume walikokaribishwa. Walioanza kujaza pengo walichelewa: Zainab Mohamed Jama aliandika mwaka 1994 kuhusu nafasi ya ushairi wa wanawake katika siasa, na Lidwien Kapteijns akishirikiana na Maryan Omar Ali alitoa kitabu kizima mwaka 1999. Kabla yao, mwaka 1993, Axmed Cali Abokor alikuwa amechapisha utafiti wa nyimbo za kazi za wafugaji na kuziita, katika kichwa cha kitabu chake, sauti ya wasio na nguvu za kisiasa. Nakipenda kitabu hiki kuliko vyote nilivyovitaja. Kinaonyesha kwamba kila kazi ina wimbo wake: kunywesha ngamia kisimani, kutwanga, kusukasuka maziwa ili yatoe siagi, kusuka mikeka ya nyumba. Mwanamke asiyeweza kumwambia mumewe neno mbele ya watu huuambia mkeka. Mume anasikia. Hawezi kumgombeza, kwani nani amemsema? Aliyeimbiwa ni mkeka.

Mkeka huo ni sehemu ya nyumba. Aqal, nyumba ya kuhama, ni mali ya mwanamke na kazi ya mikono yake. Fito ndefu hupindwa zikawa matao, zikafungwa, zikafunikwa kwa mikeka tabaka juu ya tabaka. Kuhama kukifika, mwanamke huifungua, huifunga juu ya ngamia, na huisimamisha tena jioni mahali pengine. Labelle Prussin, msomi wa majengo, alitoa mwaka 1995 kitabu kuhusu usanifu wa wahamaji wa Afrika, wakiwemo Wasomali na majirani zao Warendille na Wagabra, na hoja yake ilikuwa wazi: wasanifu majengo wa jangwa hili ni wanawake. Bibi harusi hutengenezewa nyumba na mama yake na jamaa za kike, kwa hiyo kila mkeka una historia ya mkono uliousuka, na mwenye nyumba anaweza kukuonyesha huu ni wa nani na ule ni wa nani.

Kitu ambacho ningemwomba mgeni wa Garissa akitazame kwa karibu ni chombo cha maziwa, dhiil. Husukwa kwa mizizi. Mwanamke huchimba mizizi mirefu ya mimea ya jamii ya asparagasi, huiloweka, huimenya, huipasua kwa kisu na meno mpaka apate nyuzi za unene mmoja. Huanzia kitakoni. Tita dogo la nyuzi hupindwa duara, na uzi wa mzizi hulizunguka, kila mshono ukipita kwenye tundu lililotobolewa kwa msharasi katika duara la chini yake. Duara hupanda juu ya duara. Msharasi ukiingia pembeni kidogo tu, tumbo la chombo hupinda, na kosa huonekana vidole vinne juu yake, wakati kurudi nyuma ni kufumua kazi ya siku nzima. Mishono ikibanwa sawasawa, umajimaji huivimbisha mizizi na chombo hujiziba chenyewe. Kifuniko husukwa kikae kwa kubana, na kikigeuzwa huwa kikombe. Kazi yote huchukua wiki nyingi, maana hufanywa baina ya kukamua, kuteka maji na kulea.

Kisha moto. Kabla ya kutia maziwa, kijinga cha mti uliochaguliwa huingizwa ndani, chombo hutikiswa, moshi hujaa, majivu hupanguswa. Moshi hupunguza vijidudu, huyafanya maziwa yakae muda mrefu zaidi bila kuharibika, na huacha ladha. Kila mama ana mti anaoupenda. Anayekunywa humtambua msanii kwa ulimi, na sidhani kuna jumba la sanaa popote duniani linaloweza kumpa mtazamaji kitu cha namna hiyo.

Majumba hayo, hata hivyo, yanazo dhiil. Makumbusho ya Powell-Cotton huko Kent, Uingereza, ina mkusanyo ulioletwa kutoka Somalia miaka ya 1930 na Diana Powell-Cotton. Mikusanyo ya Ulaya kwa jumla iliandikwa kwa mtindo mmoja: kabila, mahali, matumizi, mwaka, na jina la aliyekusanya. Jina la aliyesuka mara nyingi halikuulizwa. Nyumbani lilikuwa linajulikana na kila aliyekunywa.

Kuna kukosa jina kwa namna mbili, na ni haki kuzitenganisha. Ukivuka daraja la Garissa kuelekea Madogo, umeingia Kaunti ya Tana River, ambako Wapokomo wamelima kingo za mto tangu enzi. Mwaka 1963, wanamuziki watano, yaani Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, walipewa kazi ya kutafuta wimbo wa taifa la Kenya, na lahani waliyoichukua ni ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea watoto. Kila Mkenya aliyesimama gwaride la shule Jumatatu na Ijumaa amesimama kwa sauti ya mama wa Tana. Mama huyo hana jina, na sioni dhuluma hapo: bembelezi hutungwa na vinywa vingi, kila mama akiongeza na kupunguza usiku wake, na mtunzi wake kwa kweli ni wengi. Dhiil haiko hivyo. Ina msukaji mmoja, aliyekaa chini ya mti mmoja, akatoboa kila tundu mwenyewe. Jina lake halikupotea kwa sababu ya wingi. Lilipotea kwa sababu aliyenunua hakuuliza.

Leo maziwa ya ngamia hufika sokoni Garissa katika mitungi ya plastiki ya manjano iliyowahi kutiwa mafuta ya kupikia. Ni myepesi, ni rahisi, haivunjiki, na mama mwenye lita nyingi za kupeleka mjini hawezi kulaumiwa kwa kuitumia. Akina mama bado huifukiza mitungi hiyo. Ladha ya moshi imebaki, usukaji umepungua, na dhiil nyingi mpya zimekuwa pambo la sebuleni au zawadi ya harusi. Sijui kama napaswa kuhuzunika. Aqal imepitia njia hiyohiyo Dadaab, mwendo wa kilomita kama mia moja kutoka Garissa. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992, na kufikia 2011, mwaka wa njaa kuu, Dadaab ilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Wanawake waliofika bila ngamia wala mikeka walikata fito za miti ya palepale, wakazipinda matao, wakafunika kwa nguo kuukuu, magunia na maturubai ya mashirika ya misaada. Umbo lilikuwa lilelile. Mikono ilijua nyumba hata pale ambapo vifaa vyake havikuwepo.

Dadaab ilikuwa na njia zake za kupitisha sauti. Kabla ya simu za mkononi watu walitumia taar, redio ya mawasiliano, kuwatafuta jamaa walioko Somalia na Nairobi, na mazungumzo yalisikiwa na yeyote aliyekuwa kwenye masafa hayo. Kaseti zilitumwa badala ya barua. Shirika la FilmAid lilionyesha filamu usiku kwenye skrini kubwa na likawafunza vijana wa kambini kushika kamera. Katika filamu ya sinema mwishoni huja orodha ya majina, ya aliyeshika kamera, aliyeshika taa, aliyeandika. Kijana aliyekulia kambini, ambaye kwa muda mrefu amekuwa namba kwenye kadi ya mgao, huona jina lake likipanda skrini mbele ya jirani zake. Nafikiri bibi yake, aliyezoea kumsikia mghani akitaja mtunzi kabla ya shairi, angeona jambo hilo limechelewa tu, maana lingefaa kuja mwanzoni.

Warsan Shire alizaliwa Kenya mwaka 1988 kwa wazazi Wasomali, akakulia London, na mwaka 2013 akawa wa kwanza kuteuliwa mshairi kijana wa jiji hilo. Mwaka 2016 Beyoncé alipotoa *Lemonade*, tungo za Shire zilikuwa ndani yake na jina lake liliandikwa. Ulimwengu mzima ukauliza huyu ni nani. Swali hilo ndilo wazee wa mkekani wangeuliza, na lilipata jibu kwa kuwa mtu alijali kuandika.

Kwa hiyo nina ombi mahususi kwa mtu yeyote anayenunua dhiil Garissa, awe mtalii, mkusanyaji wa makumbusho au bwana harusi. Muuzaji aulizwe nani aliisuka, na kama hajui, ampigie simu aliyemletea. Yaandikwe haya kwenye karatasi itakayowekwa ndani ya kifuniko: jina la mwanamke, la baba yake na la babu yake, kwa mpangilio wa Kisomali, mahali mizizi ilikochimbwa, mwaka, mti wa kufukizia, chombo kilisukwa kwa ajili ya nani kabla hakijauzwa, na kama alikuwa akiimba alipokisuka, wimbo gani. Na anayerekodi buraanbur harusini aelekeze simu kwa mtunzi kabla ngoma haijaanza, ampe nafasi aseme yeye ni nani, binti wa nani, na ametunga kwa ajili ya nyumba gani. Inachukua muda mfupi kuliko kupanga viti.